Ukingo Uliovunjwa kwa Salamu

Wenceslaus Lugembe,
Fundi Mwashi wa Kanyenye, Tabora,
kwa sasa Kijiji cha Ujamaa Itundulu, njia ya Goweko.

23 Julai, 1975.

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Ujenzi,
Kijiji cha Ujamaa Itundulu.

KUH: KUPOTEA KWA UKINGO WA MTEREMKO, DUKA LA KIJIJI

Ndugu Mwenyekiti,

Kilichopotea ni ukingo wa mteremko wa saruji mbele ya mlango wa duka la kijiji. Ulikuwa na upana wa futi tano, sawa na mlango na fremu zake. Ulionekana mzima kwa mara ya mwisho asubuhi ya Sabasaba ya mwaka huu, duka lilipofunguliwa, na kufikia Jumamosi iliyofuata haukuwepo. Haukuibwa. Haukuliwa na mchwa. Umevunjwa kwa salamu, na waliouvunja nawafahamu wote, maana hata mimi walinisalimu.

Nimeambatanisha kipande kimoja cha marehemu ndani ya boksi la kiberiti. Tafadhali lifungueni taratibu, na kipande kisipitishwe mkono kwa mkono, kwa sababu kila atakayekipokea atataka kwanza kumsalimu anayempa, na hapo hatutabaki na ushahidi.

Kwa kuwa wapo wajumbe wa Kamati ambao siku ya maamuzi walikuwa kwenye tumbaku, niruhusu nieleze tulivyofika hapa. Nilipoitwa kumwaga sakafu ya duka, nilipanga kuweka ngazi moja mlangoni, kama ilivyo kwa kila duka la Kanyenye tangu nipate akili. Kamati ikakaa. Ikaonekana kwamba ngazi itamweka muuza duka juu ya mnunuzi, na kwamba kumsimamia mwenzako juu ndiko mwanzo wa kumnyonya. Mkaagiza mteremko. Maneno yako wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, yalikuwa haya: "Uanzie mlangoni, uishe bila mtu kujua umeishia wapi."

Nikatekeleza. Kwenye kizingiti saruji ilikuwa na unene wa inchi tatu. Futi tatu mbele ilikuwa na unene wa sifuri. Hapo katikati, kila futi moja ilipunguza inchi moja, bila kupendelea futi yoyote. Niliulainisha ukingo ule kwa mwiko mpaka saruji na mchanga wa nje vikawa haviwezi kuelezana nani ni nani. Kuku wa jirani alipita kutoka uani kuingia dukani asibadilishe hata mwendo. Wewe mwenyewe ulipita na viatu vya Chama, ukageuka, ukauliza mteremko uko wapi. Sijapata kusifiwa kama nilivyosifiwa siku ile.

Leo naitwa Fundi Biskuti, kwa jinsi ukingo wangu ulivyomegeka.

Sikulipata jina hilo kwa mtu mmoja, kwamba ningemfuata nyumbani kwake tukaelewana. Limetoka kisimani, likapita kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, likaingia kanisani, na sasa limefika Kanyenye kabla yangu. Juzi mtu aliyekuja na baiskeli kutoka Sikonge, ambaye sijapata kumwona maishani, aliniuliza kama mimi ndiye Biskuti mwenyewe au ni ndugu yake.

Na Jumamosi hii Kamati inakaa kuamua nani atamwaga sakafu ya zahanati: mimi, au fundi mwenzangu Alois. Ndugu Mwenyekiti, mimi sikusomea uashi. Nilianza kwa kukanyaga udongo wa matofali ya watu wengine, na mwiko wangu wa kwanza niliukata mwenyewe kwenye bati la debe. Sina cheti. Nina jina, na jina lenyewe sasa linaliwa na chai. Sakafu ya zahanati ndiyo kazi pekee itakayolirudisha. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa namba, ili asije mtu kikaoni akasema hakujua aanzie wapi.

1. KUHUSU MAHALI. Kijiji hiki kina eneo la kutosha kabisa. Nimelipima kwa macho kutoka juu ya paa la duka, na upande wa mashariki sikuona mwisho. Katika eneo lote hilo, wananchi wamechagua kusalimiana mahali pamoja tu, penye upana wa futi tano na unene wa sifuri. Hawasalimiani kabla ya kufika hapo, maana bado wako njiani. Hawasalimiani wakishaingia, maana ndani kuna kazi. Ni pale pale kwenye ukingo, anayetoka akikutana na anayeingia, na hakuna anayempisha mwenzake mpaka wamalizane. Kununua kiberiti humchukua mtu muda wa kukohoa. Kusalimia kwa ajili ya kiberiti hicho humchukua muda wa kuivisha maharage, na maharage yenyewe ya mwaka jana.

Nikiongeza kwamba ni Julai, mavuno yamekwisha na kila mtu ana nafasi, Kamati itaona hatari ilivyo.

2. KUHUSU MIZIGO. Hapa lazima niseme ukweli wa historia. Njia ipitayo mbele ya duka ndiyo njia ya misafara ya zamani, iliyotoka Ujiji kwenda pwani. Mpagazi hasalimii akiwa na pembe la ndovu begani. Hulitua kwanza, akapiga makofi, akauliza habari za mbele, akatoa habari za nyuma, ndipo akajitwisha tena. Babu yangu alibeba mizigo hiyo, na babu yake Mzee Humaidi, muuza duka wetu, alikuwa mwenye mizigo. Hivyo sisi wawili tunalifahamu jambo hili kutoka juu na kutoka chini.

Misafara imekwisha, lakini mkono wa kutua haujaambiwa. Mwananchi wa Itundulu hawezi kusema "wangaluka" akiwa ameshika kitu. Lazima atue. Na anatua wapi? Nilikaa kivulini upande wa pili wa njia nikaona kwa macho yangu vikituliwa juu ya ukingo wangu: debe la asali, robota la tumbaku, jiwe la kusagia, tairi la trekta la kijiji, na mbuzi aliyefungwa miguu ambaye naye alikuwa akisalimia kwa namna yake. Debe la asali lina uzito wa zaidi ya ratili hamsini, nalo lina pembe nne. Ukingo wangu ulijengwa kwa ajili ya nyayo za watu huru.

3. KUHUSU MAGOTI. Akina mama wetu wakimsalimu mtu mzima hupiga magoti. Sina neno na heshima hiyo, nimeoa ndani yake. Lakini mguu hugawa uzito kwa unyayo wote, wakati goti huubeba wote kwenye mfupa mmoja, na mfupa huo hushuka kwa kishindo kulingana na heshima ya anayesalimiwa. Tangu Katibu Kata aanze kununua sigara dukani kwetu, heshima imepanda kwa kiwango ambacho saruji ya moja kwa tatu, yaani fungu moja la saruji kwa matatu ya mchanga, haiwezi kukistahimili. Moja kwa tatu, naomba isisahaulike, ndicho kipimo mlichokipitisha wenyewe.

4. KUHUSU FIMBO YA MZEE HUMAIDI. Mzee Humaidi bin Muhanna ni mtu muungwana, na salamu zake ni nzuri kusikiliza. Anakuuliza umeamkaje, umeshindaje, afya, nguvu, watoto, mama yao, mama wa mama yao, majirani, mvua iliyopita na mvua ijayo, na kila mara anaitikia "alhamdulillahi" kwa niaba yako endapo umechelewa. Tatizo ni kwamba kila swali hulipigia fimbo chini mara moja, na fimbo hiyo ina chuma mwishoni. Mimi ninayo tindo ya kutindulia sakafu. Nimeilinganisha na fimbo ya Mzee Humaidi. Tindo yangu ni butu zaidi.

Nilimwendea kwa adabu nikamwomba apunguze, kama si maswali basi angalau chuma. Akanijibu: "Mwanangu Wenceslaus, mteja nisiyemuuliza hali yake nitamuuzia nini, chumvi tupu?" Jibu bado nalitafuta.

5. KUHUSU BAISKELI. Zinaegemezwa.

6. KUHUSU MAMA MKWE WANGU. Hili nalieleza kwa tabu, na naomba lisomwe kwa sauti ya chini. Mama Tekla, aliyemzaa mke wangu Bernadeta, anasalimiana na kila mtu kwenye ukingo ule isipokuwa mimi. Tangu jina la Biskuti litoke, hajanisalimu. Akiniona natokea kwenye kona ya duka, anakumbuka kwamba alisahau kitu nyumbani. Kwa Bernadeta amesema kwamba yeye alimtoa binti kwa fundi, hakumtoa kwa kitafunwa. Bernadeta amenifikishia maneno hayo pamoja na chai, kwa makusudi nadhani, maana siku hiyo chai haikuwa na kitu pembeni.

Kamati itaona ajabu iliyopo: katika kijiji kizima ni mtu mmoja tu ambaye salamu yake kwangu haijauharibu ukingo wangu, na ni huyo huyo ambaye nikimkosa salamu yake sili nikashiba. Sisemi zaidi.

7. KUHUSU ALOIS. Ndugu Alois ni fundi, simnyimi hilo. Anapita akitangaza kwamba ukingo haukuvunjwa na salamu hata kidogo. Anasema niliuvunja mwenyewe siku niliyoumaliza kwa sifuri. Kwa maelezo yake, saruji ikishafikia unene wa ganda la yai haina tena mwili wa kushikilia. Hukauka kabla ya wenzake walio karibu na mlango, hujikunja kama ukoko wa ugali pembeni mwa sufuria, na baada ya hapo hata jogoo akiukanyaga kwa dharau unatoka. Dawa yake ni kuchimba mtaro wa shubiri moja pale mteremko unapoishia, saruji iteremke humo ikiwa bado na unene wake, kisha udongo urudishwe juu. Ukitazama unaona imekwisha. Kumbe chini bado ipo.

Nimelifikiria jambo hilo kwa haki, nikapata majibu matatu.

Kwanza, ni saruji ya wananchi. Wananchi wana haki ya kuiona yote. Huwezi kuchukua mali ya kijiji ukaifukia.

Pili, ukingo wangu unaishia sifuri waziwazi, mchana, mbele ya kila mtu. Ukingo wa Alois unajifanya kuishia sifuri huku umeficha inchi tatu chini ya udongo. Sipendi kumpaka mtu matope, lakini katika nchi yetu lipo neno kwa watu wanaoonyesha rafu tupu dukani huku mzigo uko shimoni.

Tatu, mteremko unaoisha kwa sifuri ndio Ujamaa wenyewe kwa saruji. Hakuna awezaye kunyoosha kidole akasema hapa duka limekwisha na hapa wananchi wameanza. Alois anataka kuweka mpaka. Tena mpaka wa chini kwa chini, ambao ndio mbaya kupita wote.

Na wala si kweli kwamba kitu chembamba hakidumu. Jembe ni jembamba mwishoni, na linalima nchi nzima. Panga ni jembamba. Mkeka ni mwembamba kote kote na watu wanazaliwa juu yake. Hata pale Kanyenye, nilipoziba ufa kwenye ukuta wa nyumba ya Bibi Zeyana, niliipaka rangi mpya juu ya ya zamani nikaimaliza kwa wembamba hivyo hivyo mpaka mwenye nyumba akasahau ufa ulikuwa wapi, akaja kunilaumu kwamba sijaufanya. Tofauti ni moja tu: hakuna mtu anayekwenda kusalimiana juu ya ukuta wa Bibi Zeyana.

Hapo hoja yangu imefungwa. Kitu chembamba kinadumu mahali pasipo salamu, na kinavunjika mahali penye salamu. Basi kinachovunja si wembamba. Ni salamu. Mwanafunzi wa darasa la nne angelipata hilo bila kutumia vidole.

Baada ya kulalamika, ni wajibu wangu kuleta mapendekezo, maana Chama kinatufundisha tusilie tu.

Naomba, kwa kuanzia, kijengwe Kituo cha Salamu upande wa pili wa njia, mbali na saruji. Nguzo nne na paa la nyasi zinatosha. Mwananchi akiona kwamba atakutana na mtu dukani, apitie kituoni kwanza, asalimie, atue, ajitwishe, kisha aingie dukani akiwa amekwisha. Mlangoni itaruhusiwa kuinua nyusi tu.

Endapo kituo kitaonekana kidogo kwa mahitaji, na mimi kwa jinsi ninavyowajua watu wetu nadhani kitaonekana kidogo, basi tuingie kwenye Salamu za Pamoja. Shamba letu ni la pamoja, trekta ni la pamoja, hata tairi lake lililovunja ukingo wangu ni la pamoja. Kwa nini salamu peke yake imebaki mikononi mwa watu binafsi? Kila balozi akusanye salamu za nyumba zake kumi asubuhi, azipeleke kwa balozi mwenzake, wapeane kwa jumla, na kila mmoja arudi kuzigawa. Watu kumi kwa watu kumi wakisalimiana kienyeji ni salamu mia. Mabalozi wawili wakikutana ni salamu moja. Kijiji kitaokoa tisini na tisa, na hizo zinaweza kuwekwa akiba kwa ajili ya wageni wa kiserikali.

Habari za mbuzi ziondolewe kabisa kwenye salamu, kwa kuwa mifugo ya kijiji inasomewa taarifa mkutanoni. Habari za watoto ziulizwe baada ya kila sensa. Habari za mvua ni kazi ya serikali, na kumuuliza mtu binafsi ni kumtia majaribuni.

Atakayekutwa amesalimia kupita mgao wake, tumfikirie kama tunavyomfikiria mtu aliyekutwa na magunia ya sukari. Simsemi Mzee Humaidi. Nasema fimbo yake inafahamika.

Na kama Kamati itaona haya yote ni mazito, basi uhamishwe mlango. Duka lifunguliwe upande wa nyuma, ambako kuna mwamba wa asili ambao hata mimi siwezi kuuvunja. Kama mlango hauhamishiki, kihamishwe kijiji. Nasema hivi bila mzaha. Watu walihamishwa mwaka jana kuja hapa, kwa hiyo wana uzoefu, na wengine mizigo yao hawajaifungua mpaka leo. Duka lingebaki peke yake mahali lilipo, na ukingo wake, na mtu yeyote kutoka wilayani angeweza kuja kuutazama ukiwa mzima.

Narudi kwenye jambo langu. Ninachotaka Kamati itamke Jumamosi ni kwamba ukingo ulivunjwa kwa salamu na si kwa ufundi, kwamba jina la Biskuti lifutwe, na kwamba sakafu ya zahanati nipewe mimi, pamoja na mteremko wake, ambao nitaumaliza kwa sifuri kama ule wa kwanza. Ili msidhani nasema kwa mdomo tu, Jumapili nimeurudishia ukingo wa duka kwa saruji iliyobaki, nimeunywesha maji asubuhi na jioni chini ya magunia, na leo hii nitaufunua. Ni mwembamba kuliko wa kwanza. Unaweza kunyolea ndevu. Mtauona wenyewe kabla ya kuisoma barua hii.

Natumaini wewe ni mzima, Ndugu Mwenyekiti, na mama watoto, na watoto, na yule mdogo aliyekuwa na kikohozi, na baba yako mzazi kule Usoke ambaye nasikia mguu umepungua. Nisalimie wajumbe wote wa Kamati kwa majina yao. Msalimie Katibu. Wasalimie akina mama wa shamba la pamoja na akina baba wa mabani, mwalimu wa watu wazima na darasa lake, Mzee Humaidi na walio nyuma yake, Alois na nyumba yake hata hivyo, dereva wa trekta, na kila atakayeuliza nani ameandika. Naomba salamu hizi zipokelewe mkiwa mmekaa ndani kabisa, au mmesimama nje kabisa, lakini si katikati.

Ni mimi, katika ujenzi wa taifa,
Wenceslaus Lugembe,
Fundi Mwashi.

Nakala kwa: Mzee Humaidi, Duka la Kijiji.
Balozi wangu.
Mama Tekla (asisomewe namba 6).

NYONGEZA, siku hiyo hiyo, mchana.

Ndugu Mwenyekiti, barua hii niliileta mwenyewe, kwa kuwa ofisi yako ipo nyuma ya duka. Nilikuwa nimekwisha kuyaondoa magunia. Ukingo ulikuwa mzima kama nilivyoahidi, nikausimamia mchangani nikauangalia kwa muda. Mkono mmoja nilikuwa na bahasha, mkono wa pili debe la maji ya kuunyweshea kwa mara ya mwisho.

Mlangoni akatokea Mama Tekla.

Hakukumbuka kitu alichosahau nyumbani. Alisimama kwenye kizingiti, akaangalia pembeni kama inavyompasa mama mkwe, akasema, "Wangaluka, mkwe." Wewe ni mwenyeji, huna haja ya kuelezwa. Mtu hawezi kumpita mama mkwe mlangoni, hawezi kumjibu akiwa wima, na hawezi kumjibu akiwa ameshika kitu. Nilitua. Nilichuchumaa. Nikapiga makofi.

Ilikuwa salamu ndefu, Ndugu Mwenyekiti. Alikuwa na deni la siku nyingi naye alililipa lote. Aliniuliza habari za nyumbani, za Bernadeta, za mgongo wangu, za mwiko. Aliniuliza habari za mbuzi, mmoja mmoja. Mzee Humaidi alitoka ndani akajiunga, na fimbo. Wakati wa mbuzi wa pili nilisikia chini ya debe sauti kama ya mtu anayetafuna, nikaitambua, maana ndiyo iliyonipa jina langu. Sikugeuka. Ningeweza kulisogeza debe mchangani kwa mguu, ilikuwa shubiri moja tu. Lakini kumsogezea mama mkwe mguu katikati ya salamu ni jambo ambalo Mnyamwezi halifanyi hata kwa ajili ya zahanati.

Alipomaliza mbuzi wote akasema kwa upole, bado akiangalia pembeni: "Mkwe, kitu chako kimevunjika." Nikajibu mhola, yaani salama. Akasema, "Alois alituambia ungechimba kwanza, lakini na wewe ni mbishi kama baba yake Bernadeta." Akaniachia vitumbua vinne kwenye jani, akaenda zake kwa njia ya kawaida, bila kuzunguka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yafutwe katika barua hii: Kituo cha Salamu, Salamu za Pamoja, kifungu cha mbuzi, kuhama kwa mlango, na kuhama kwa kijiji. Kipande cha pili nimekitia kwenye boksi la kiberiti pamoja na cha kwanza. Mtaona vimevunjika kwa namna moja, na cha pili sikuweza kukisingizia mtu mwingine, kwa kuwa debe lilikuwa langu. Nakala ya Mama Tekla isipelekwe. Neno "mzigo uko shimoni" dhidi ya Alois nalo lifutwe, na kama limekwisha kusikika, semeni nilikuwa naongelea viazi.

Kuhusu zahanati, wagonjwa nao watasalimiana mlangoni, tena kwa muda mrefu zaidi kwa kuwa wana mengi ya kuelezana. Sakafu naweza kuimwaga, hilo silirudishi nyuma hata inchi moja. Mtaro wa mwisho wa mteremko aupime Alois. Hapa dukani nimekwisha kuanza kuchimba wa kwangu, lakini udongo wa njia hii umeshindiliwa na miguu ya misafara, na jembe linadunda kama mpira. Nahitaji sururu, na sururu ya kijiji anayo yeye.

Nataka jibu la neno moja kutoka Kamati, kabla ya kikao kufunguliwa Jumamosi saa nne asubuhi, si baada ya kikao na si wakati wa mengineyo: sakafu ya zahanati ni yangu, na Alois aje na sururu, ndiyo au hapana. Atakayeniletea jibu atanikuta pale pale mlangoni, na kama ana mzigo autue.

W. L.